Vigae vya Sayari na Makorongo ya Mzee Swalehe

Siku mliponiaga mlinipa saa ya ukutani. Nawashukuru sana, ingawa sijui ni nani kati yenu aliyefikiri kwamba mtu akishaacha kazi ndipo anapohitaji kujua ni saa ngapi. Nimeitundika sebuleni hapa Ipagala na inakwenda vizuri. Pamoja na saa mliniomba niwaandikie mambo yalivyokuwa zamani, kabla ya hiyo mashine yenu inayokata yenyewe huku ninyi mkinywa chai. Nimekubali, ila habari za vyeo na mishahara msizitafute humu. Vyeo vilikwenda kwa wengine, na mishahara ilikwenda dukani.

Kazi yenyewe niliiingia kwa mlango wa nyuma. Mimi ni mtoto wa mjini. Babu zangu walikuja na misafara ya biashara, wakafika hapa Dodoma, wakachoka, wakafungua duka. Nyumbani ilijulikana kwamba nitakuwa mpiga chapa, na kweli niliajiriwa kupiga chapa katika ofisi moja ya umma iliyokuwa ikipanga viwanja vya mji. Mashine yangu ikavunjika herufi A, na kwa Kiswahili mashine isiyo na A ni chuma tu. Nikaambiwa, wakati kipuri kinasubiriwa, nikasaidie karakana ya modeli kule nyuma. Kipuri hakikuja. Nimestaafu bado nikikisubiri.

Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya gundi, na ndani yake watu wawili walikuwa wakiujenga mji mkuu juu ya meza. Mmoja alikuwa Ndahani, seremala Mgogo wa rika langu, ambaye mdomo wake haukuwa na siku ya mapumziko. Wa pili alikuwa Mzee Swalehe, Mrangi kutoka Busi kule Kondoa, mtu mfupi, kofia yake ya kushonwa kwa mkono imejaa vumbi la mbao.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba, binti. Umewahi kunyoa kilima?"

"Bado."

"Basi kaa hapa unyoe."

Akanipa karatasi ya msasa. Vilima vyetu vilitengenezwa kwa plaiwudi: kila mstari wa ramani ulikuwa ubao mmoja uliokatwa na kugundishwa juu ya mwenzake, kwa hiyo kilima kikitoka kwenye gundi kilikuwa na ngazi kama za msikitini. Kazi ya mgeni ilikuwa kuziondoa ngazi hizo mpaka kidole kipite bila kukwama. Nilinyoa kwa bidii, kwa kuwa nilitaka kuonekana. Kufika adhuhuri kilima kilikuwa kimekwisha. Mzee Swalehe akakitazama, akanitazama, akasema, "Si neno. Mji ulikuwa hauna kiwanja cha mpira."

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi, na desturi yake kubwa lazima niwaeleze. Modeli ikikamilika, kabla haijapakwa rangi, alichukua kijiko cha chai, akadondosha maji juu ya kilima, akainama kuyafuata kwa macho. Yakiteremka yakapata njia ya kutokea, aliitikia kwa kichwa, tukaleta rangi. Yakisimama mahali pasipo na sababu, kilima kilirudi kwenye msasa, hata kama mkubwa wa ofisi alikuwa mlangoni na wageni wake. Alikuwa akisema, "Mwenye ardhi ni maji, sisi wapangaji." Wapo waliomwona mkorofi. Mimi mwenyewe nilimwona hivyo kila Ijumaa jioni nilipotaka kwenda nyumbani.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Ninyi hamkuiona, kwa hiyo nawaeleza kwa kifupi: maduka yaliyokuwa na sabuni ya aina moja yakajaa televisheni, redio za kaseti na majiko ya umeme, na ofisi zilizokuwa zimejaa watu zikaanza kuwapunguza. Karakana ya modeli ilipunguzwa mapema kabisa. Tuliambiwa kwamba juu ya meza mji umeshajengwa vya kutosha. Zana zikapigwa mnada, nasi tukazipata zile ambazo hakuna mwenye akili timamu angezitaka: jiliwa moja la kubania mbao, lenye jino bovu, misumeno ya uzi, patasi, na kilima kimoja cha plaiwudi ambacho Ndahani alikibeba kwapani akitoka getini kana kwamba ni mtoto wake.

Tukapanga chumba nyuma ya mashine ya kusaga nafaka. Tulitoka mle weupe kama mizimu, kila siku, bila kujali kama tulikuwa na kazi au la. Na mara nyingi hatukuwa nayo. Tulichonga miguu ya makochi na kuandika vibao vya maduka mapya. Lakini makochi ya kiwandani yakaanza kuingia na miguu yake, na vibao vikaanza kuandikwa na vijana wenye brashi za kisasa. Ndahani akaanza kuzungumza habari za kwenda Mererani kuchimba mawe ya thamani. Mwanzoni alisema kwa utani, halafu nikaona ameshafunga nguo zake. Nilijua wazi kwamba akiondoka yeye karakana imekwisha, na Mzee Swalehe hakuwa wa umri wa kuanza tena mahali pengine. Mimi ningerudi kupima kanga dukani kwa kaka yangu, jambo ambalo wifi yangu alikuwa akilitamka kwa furaha nisiyoipenda.

Hapo ndipo akaja Yohana. Jina lake lilikuwa na mkia ambao hatukuuweza, tukaukata. Alikuwa mtaalamu wa kuchimba visima, Mzungu mrefu mwenye Kiswahili cha kitabuni, na alikuja kuagiza rafu ya vitabu. Akakiona kile kilima cha plaiwudi kimekaa juu ya kabati. Akakishika, akapitisha kidole.

"Ninyi mnatengeneza nchi?" akauliza.

"Tunatengeneza," Ndahani akajibu. "Serikali ya kuiweka ndiyo hatuna."

Yohana akacheka, akaketi, akasahau rafu. Akatueleza kwamba yeye na wenzake wawili wana mchezo wa mezani wanaoucheza siku za mapumziko. Ni vita vya watu wa nyota za mbali. Askari wenyewe wametengenezwa kwa madini ya risasi, urefu wa kidole gumba, wamepakwa rangi mmoja mmoja. Mchezaji anapima kwa futi kamba umbali ambao askari wake anaruhusiwa kwenda, anarusha dadu kujua kama amelenga au amekosa, na ardhi ina maana kubwa: aliye nyuma ya kilima haonekani, aliye kwenye korongo anatembea polepole. Kasoro yao ilikuwa kwamba ardhi hawakuwa nayo. Walikuwa wakipigania sayari nzima juu ya kitambaa cha meza, vilima vyao ni vikombe vilivyofunikwa taulo.

Alichotaka ni vigae. Vipande vya mraba, futi moja kila upande, vyenye vilima na makorongo, vinavyopangwa pamoja mezani vikawa nchi moja. Leo unavipanga hivi, wiki ijayo unavigeuza vinakuwa nchi nyingine. Kwao alikuwa na rafiki mwenye duka la michezo hiyo. Tukitengeneza vigae kumi na viwili vya kuonyesha, rafiki akavipenda, basi angetuagizia mfululizo. Kwa maneno mengine, karakana ingepona. Ndahani akazitoa nguo zake mfukoni siku hiyohiyo, ila mfuko wenyewe aliuacha karibu na mlango.

Nawaambia juu ya vifaa, maana ninyi mnaagiza kila kitu kwenye boksi. Sisi tulichukua boksi lenyewe. Kila televisheni iliyofika mjini ilikuja imezungukwa na lile povu gumu jeupe, jepesi, linalolia ukilisugua, na wenye maduka walikuwa wakilichoma moto. Tukawaomba. Ndahani akatoa waya wa jiko la umeme, akaufunga kwenye upinde wa mti, akauunganisha na betri ya gari, nao ukakata povu kama kisu kwenye samli. Juu yake tulipaka jasi ya Itigi, na juu ya jasi gundi nyeupe na udongo wetu mwekundu uliochekechwa kwa chekecheo la mama yangu. Alilitafuta mpaka Ramadhani. Gundi ya viatu msiguse. Tuliijaribu mara moja, ikala kilima chote huku tukikitazama, na kelele yake ilikuwa kama mtu anayekunywa uji wa moto.

Yohana alitoa maelekezo mafupi: sayari ni kavu, nyekundu, imeparurwa makorongo. Mzee Swalehe akasikiliza, akasema, "Naijua." Mimi na Ndahani tukaangaliana. Tulidhani anatania.

Akachonga kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akichonga. Chai ilipoa kando yake. Hakutazama ramani, kwa kuwa haikuwapo, wala hakurudia mkato hata mmoja. Makorongo yalianza membamba juu ya vilima, yakapokelewa na kigae kilichofuata yakiwa mapana kidogo, yakaungana, yakazama, hadi yakatoka kwenye kigae cha mwisho na mdomo mpana wa mchanga. Alipomaliza alidondosha maji yake kwa kijiko, kigae baada ya kigae, yakateremka kutoka kimoja kwenda kingine bila kusimama. Kigae kimoja tu cha katikati hakukidondoshea. Nilikiangalia: korongo lake liliingia upande huu na kutokea upande wa pili likiwa na kina kilekile, bila mteremko, limepinda katikati hadi ukingo wa kushoto. Nikadhani mzee amechoka. Kwenye kigae cha kulia kwake, ukingoni kabisa, palikuwa na kijiwe cheupe cha jasi, kidogo kama punje ya mchele. Nikadhani ni pambo.

Yohana alipokuja kuvichukua aliyafuata makorongo kwa kidole toka kigae cha kwanza hadi cha mwisho. Kisha akafanya alichokuja kufanya: akachukua kigae cha pembeni, akakigeuza. Hakikukaa. Korongo la hiki lilikuwa na kina cha ukucha, la jirani yake kina cha kidole kizima, na vilima vilikatika kama mkate. Akageuza kingine, vivyo hivyo.

"Fundi, hivi vinakaa namna moja tu."

"Ndiyo. Maji nayo yanakwenda namna moja tu."

"Lakini sayari hii haina maji."

"Haina kabisa?"

"Hata tone."

"Basi hayo makorongo kachimba nani?"

Yohana alikuwa mtu wa maji, swali likamwingia. Akakuna kidevu. "Zamani maji yalikuwepo."

"Ahaa. Na hiyo zamani yalikuwa yakipanda mlima?"

Ndahani akatoka nje ili acheke vizuri. Lakini Yohana hakuwa mjinga, wala hakukasirika. Akasema, "Fundi, unasema kweli. Ila mnunuzi hanunui ukweli. Ananunua meza ambayo kila Jumamosi inakuwa nchi mpya. Makorongo yote yakitokea mahali pamoja na kwa kina kimoja, tatizo limekwisha. Nirekebishie vigae hivi hivi."

"Siwezi," akasema Mzee Swalehe.

"Huwezi au hutaki?"

"Vyote viwili."

Nilimkasirikia. Nilimpenda kama baba yangu, lakini siku ile ningempiga msasa. Nilimwambia mbele ya watu, "Mzee, Ndahani ataondoka, karakana itafungwa, kwa ajili ya maji ya sayari ambayo hata Mungu hakuyapeleka." Akanijibu taratibu, "Mwanangu, mimi sikatai kazi. Nakataa kuvikata hivi." Sikuona tofauti. Ndahani aliporudi ndani akausogeza mfuko wake karibu zaidi na mlango, na safari hii hakucheka.

Yohana akatafuta njia ya amani. Akatualika kwake Jumapili alasiri, tuje tucheze mchezo wenyewe juu ya vigae hivyohivyo, ili mzee aone kwa macho yake kwa nini vinatakiwa kugeuka. Tukaenda. Vigae vilipangwa kwenye meza barazani, namna yao moja, na jua la saa kumi lilikuwa likivilaza vivuli kwenye makorongo. Ilikuwa nzuri kiasi kwamba wale wenzake wawili walizungumza kwa sauti ya chini.

Kwanza kukawa na suala la dadu. Mzee Swalehe akauliza kama ni kamari. Yohana akaapa hakuna fedha, hakuna zawadi, mshindi hapati hata soda. Mzee akafikiri, akasema hata hivyo mkono wake hautazigusa, Ndahani amrushie. Ndahani alikubali haraka mno. Mzee akapewa jeshi la viumbe wa kijani wenye mikono minne kila mmoja.

"Mikono minne," Ndahani akasema, "na hakuna hata mmoja mwenye jembe."

Niwaambieni, sijapata kuona jemadari kama yule. Badala ya kushambulia, Mzee Swalehe aliwapanga askari wake mstari mmoja juu ya mgongo wa kilima, mbali na kingo. Yohana akamwonyesha njia fupi ya kuteremka kumfikia adui. Mzee akakataa: "Wakipita hapo ukingo utabomoka." Yohana akasema katika kanuni ukingo haubomoki. Mzee akajibu kwamba aliyeandika kanuni hakuwahi kuchunga. Walikuwa wakimmaliza askari mmoja mmoja, naye hakujali, alikuwa akisawazisha mchanga kwa ncha ya kidole.

Ndipo Yohana akasogeza askari wake mkubwa, mwenye chuma kichwani, akamsimamisha juu ya kile kijiwe cheupe. Mzee Swalehe akanyoosha mkono, akamwinua yule askari kwa vidole viwili, akamweka pembeni ya meza.

"Hapo hapasimamwi."

"Kwa kanuni gani, fundi?" Yohana akauliza akitabasamu.

"Hapo amelala mama yangu."

Tabasamu likamtoka Yohana. Hata Ndahani aliziweka dadu chini. Mzee akatazama meza kana kwamba anaiona kwa mara ya kwanza, kisha akatuonyesha kwa kidole: hapa nyumbani, hapa kwa mjomba, huku tulipitisha ng'ombe mpaka siku serikali ilipoamuru waondolewe vilimani, ardhi ilipokuwa imechoka. Mchezo wote ule tulikuwa tukipigana Busi.

Yohana akawachukua askari wake, akawarudisha nyuma wote, ingawa alibakiza kidogo ashinde. Chai ikaletwa. Mzee akanywa kikombe kizima ndipo akasema:

"Hivi si vya kuuza. Nilianza kutengeneza sayari yenu, mikono ikaenda kwetu, nami nikaiacha iende. Kwetu hakuuzwi, wala hakugeuzwi. Lakini nipeni povu jingine. Nitawatengenezea nchi isiyo na mwenyewe. Nchi isiyo na mwenyewe haina juu wala chini, mtaigeuza mpaka mchoke."

Hapo nikaelewa alichoniambia karakanani, nikaona aibu ya kumpayukia.

Kesho yake asubuhi alikata kipande cha bati kutoka kwenye kopo la mafuta ya kupikia, akakitia umbo la korongo: upana huu, kina hiki. Akakiweka katikati ya kila ubavu wa kila kigae na kuchora. Korongo lijikunje ndani litakavyo, lakini likifika ukingoni lipite kwenye bati. Vilima vyote vikome upana wa kidole kabla ya ukingo. Basi, kila kigae kikawa ndugu wa kila kigae. Bati lile ndilo mlilozoea kuliona limetundikwa kwenye msumari karibu na mlango, ambalo kijana mmoja wenu alitaka kulitupa. Simtaji. Anajijua.

Sanduku likaenda, jibu likaja, na Ndahani akautumia mfuko wake wa safari kubebea povu. Hivyo ndivyo tulivyoingia katika kazi ya kutengeneza sayari, sisi watu wa nyuma ya mashine ya kusaga. Tulipotundika kibao cha vigae nje, bwana mmoja alikuja kutafuta vya bafuni. Akatazama makorongo yetu, akauliza mtu anaogaje hapo.

Kesi ngumu hazikukosekana. Panya walikula bonde zima kwa sababu nilichanganya uji wa unga kwenye gundi ili isiishe haraka. Mbuzi wa mama mwenye nyumba alikula msitu. Tulikuwa tumeutengeneza kwa nyasi kavu zilizopakwa rangi ya zambarau, naye hakuijali rangi. Kuna vigae vilivyofika Ulaya vikapinda kama sinia, kwa kuwa plaiwudi ya kitako chake, iliyokaushwa na upepo wa Dodoma, ilikutana na unyevu wa kule ikashtuka. Dawa yake mnaijua: pakeni rangi na upande wa chini. Mnaijua kwa sababu sisi tuliijua kwa kulia.

Na Mzee Swalehe aliendelea na kijiko chake. Kwenye vigae vya kuuza maji yalizunguka yakasimama katikati, hayajui pa kwenda. Aliyatazama kidogo, akayafuta kwa kitambaa, akasema, "Si yangu hayo," akachukua kigae kingine.

Mkataba wa Yohana ulipokwisha alituletea vile vigae kumi na viwili vya kwanza kabla ya kusafiri, vimefungwa kwenye blanketi. Alisema hawezi kuondoka na nyumba ya mtu. Mzee akaviweka juu ya kabati na hakuvishusha tena. Alifanya kazi hadi macho yakamkatalia, akarudi Busi kwa dada yake, akawa anatutumia salamu na mahindi.

Habari za msiba wake zilipotufikia yalikuwa yamepita maziko. Tukafunga karakana, tukachukua vigae, mimi na Ndahani, tukapanda gari la asubuhi. Tulipita Chemba, tukashuka Kondoa, tukapata gari la mizigo la kwenda juu. Sikuwa nimefika Busi maishani mwangu. Lakini gari lilipopinda kona ya mwisho nikamwambia dereva, "Kushoto baada ya kile kilima, nyumba ya pili." Ndahani akanitazama. Nilikuwa nimekinyoa kile kilima kwa macho miaka mingi, mikunjo yake ningeitambua gizani. Kitu kimoja tu kilinibabaisha: kulikuwa kijani. Tangu mifugo ilipoondolewa nyasi zilirudi, miti ikashika, makorongo mengi yamejifunga kama kidonda kilichopona.

Dada yake, Bi. Mwajuma, alitupokea. Ni mfupi kama kaka yake, na ana jicho lilelile la kukagua. Khitma ilipomalizika tukavitandaza vigae uani kwenye mkeka, kila kimoja mahali pake. Vijana wakakusanyika wakauliza hapo ni wapi. Hawakupatambua hata kidogo. Ndahani akawaambia ni sayari nyingine, wakaamini.

Bi. Mwajuma hakuuliza. Aliinama, akaanza kutaja kwa kidole: kwa mjomba Athumani, kisimani, njia ya Kondoa. Akacheka mwenyewe alipofika kwenye zizi. Kisha akafika katikati, akasimama.

"Hiki kimekaa vibaya."

"Hapana, bibi," Ndahani akasema kwa upole. "Hivyo vinakaa namna moja tu. Kaka yako aligombana na watu kwa ajili hiyo."

Bi. Mwajuma akainama zaidi. Akakiinua kile kigae cha katikati, kile kisicho na mteremko, akakizungusha upande wa mbele ukawa wa nyuma, akakirudisha. Kikakaa. Kilikaa sawasawa, pande zote, bila pengo la unywele. Lile korongo lililokuwa limepinda kushoto sasa lilipinda kulia, likaja mpaka ukingoni, likalala miguuni pa kile kijiwe cheupe.

"Lilipita hapa," Bi. Mwajuma akasema. "Mwaka wa mvua kubwa lilikula mpaka kaburini kwa mama, likamchukua. Swalehe alikuwa mjini kazini. Alipokuja hapakuwa na pa kusimama kumwombea."

Mimi niliyejizuia tangu Dodoma nikalia mbele ya watu wote, na sikuona haya. Ndahani akanipa kitambaa chake.

Bi. Mwajuma alipitisha kidole kwenye lile korongo. Kisha akakiinua tena, akakigeuza, akakirudisha kama alivyokikuta, korongo likakaa kushoto, mbali na jiwe.

"Mwacheni," akasema. "Kwake lilipita huku."

Tulimwachia vyote. Viko Busi, chumbani kwake, juu ya meza ambayo Ndahani alirudi kumtengenezea, na hakuna anayevigeuza.